Mzee wa Kitanda cha Nne

Jumatatu, tarehe 4

Leo nimeamua. Mama mkwe ahame.

Simfukuzi. Mimi si mtu wa hivyo. Namtafutia mahali pazuri zaidi, penye wenzake, penye bustani. Ikitokea chumba chake kikabaki kitupu, kile cha mbele chenye dirisha la barabarani, si kosa langu. Chumba hakiwezi kukaa bure. Nitaweka meza, kiti cha kuzunguka, na kibao mlangoni: USHAURI WA UKAGUZI. Nilikagua mizani za sokoni mpaka nikastaafu. Haifai ujuzi kama huu ukae sebuleni ukimenya vitunguu.

Nimemweleza mke wangu habari za Makao ya Wazee, yale ya ukuta wa kijani nyuma ya kituo cha mafuta. Akasema mama yake haendi popote mpaka pakaguliwe vizuri. Nikamuuliza, na mkaguzi ni nani humu ndani kama si mimi? Shemeji, yaani kaka yake, fundi umeme asiyejua kupiga hodi, alikuwa mezani anakula chakula changu. Akasema mimi naweza kukagua jeneza nikalipatia alama zote. Nilimkazia macho tu, naye akajiongezea mchuzi.

Mama mkwe alisikia yote. Anasikia kila kitu isipokuwa ninapomwomba apunguze redio. Hakukasirika hata kidogo. Alisema tu, "Mwanangu, usiangalie maua. Bonyeza kengele ya kitandani, uone nani anakuja."

Ushauri wa kitoto. Nimekubali ili mambo yaende.

Jumanne, tarehe 5

Ukaguzi umefanyika! Meneja alinipokea mlangoni amevaa tai, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinionyesha bustani. Kisha ukumbi wa televisheni. Kisha bustani tena, upande wa pili. Anasema Makao ni familia moja. Mtu safi sana. Viatu vyake vinang'aa mpaka nilijiona humo.

Sasa, niliyoyaona, na jinsi nitakavyoyaripoti. Wazee wamepangwa kwenye viti koridoni, wanatazama ukuta: wanapata muda wa kutafakari. Chai imepoa mpaka imefanya utando juu: hakuna hatari ya mzee kuungua. Nilibonyeza kengele ya kitandani, nikasubiri, nikabonyeza tena, nikakaa, nikasinzia: mahali pana utulivu. Mhudumu ni mmoja ghorofa nzima, mama mfupi anayekwenda mbio muda wote, naye humwita kila mtu babu au bibi: undugu.

Mtu mmoja tu aliniudhi. Refa mstaafu, mrefu kama mlingoti, ana filimbi shingoni. Akihitaji kitu anapuliza. Aliniambia kengele zile ni mapambo. Nikamjulisha kwa upole kwamba mimi ni mkaguzi na kazi yangu naijua. Akatia mkono mfukoni akanionyesha kadi ya njano. Mimi!

Nimemwandika kwenye ripoti kama "michezo ipo".

Jumatano, tarehe 6

Nimesoma ripoti mbele ya familia. Kwa sauti, nimesimama. Mke wangu alianza kulainika nilipofika kwenye utulivu. Ndipo shemeji akaharibu. Akauliza kengele je, alikuja nani? Nikasema swali hilo ni la kiufundi. Akasema yeye ni fundi.

Mama mkwe akauliza kama nililala pale hata usiku mmoja. Sikulala. Basi hapo nikapata wazo! Meneja alinitajia siku za majaribio: mzee anakuja, anakaa siku chache, akipenda anabaki. Sitangoji idhini ya mtu. Kesho nakwenda kuweka nafasi. Nitapeleka na begi la mama mkwe kabisa. Kitanda kikishakuwa na begi lake, mwenye begi atalifuata.

Nimelipakia alipokuwa anaoga. Ndara zake, kitana, na gauni lake la kulalia lenye maua makubwa ya waridi. Shemeji atakoma.

Alhamisi, tarehe 7

Mwandiko wangu leo umepinda. Si uzee. Ni hasira.

Asubuhi nilifika mapokezi na begi. Karani, msichana mwenye adabu, alisimama aliponiona. "Karibu, mzee." Nikamwambia nimekuja kumwekea nafasi mzee wetu, kwa majaribio. Akachukua begi, akaanza kuuliza. Mzee anaitwa nani? Nikaona ananiita mimi mzee kwa heshima, kama wanavyosemeshwa wakubwa. Nikampa jina langu, herufi moja moja. Mzee ana umri gani? Sikuona inahusu nini, lakini nilimwambia.

Mzee anakula mwenyewe? Nikacheka, nikasema anakula mwenyewe na cha jirani anamsaidia. Mzee huwa anapotea? Nikamjibu kwamba hupotea, hasa akikutana na marafiki, ila kurudi atarudi. Mzee anaona vizuri? Anaona mbali, nikasema, kuliko watu wengi. Mzee anaweza kujizuia?

"Anajizuia sana," nikasema, "ila shemeji yake akimchokoza, wakati mwingine inamshinda."

Karani alinitazama kwa huruma, akaandika.

Akasema mzee apelekwe akaone kitanda chake. Nikafurahi, nikafuata. Kitanda cha nne, karibu na mlango. Mhudumu mfupi akaniambia nijaribu kulala. Nikajilaza, maana mkaguzi mzuri anapima kila kitu. Akapandisha vyuma vya pembeni, akanifunika, akaniletea supu. Supu ikamwagikia shati langu. Akanivua, akafungua begi, akanivalisha gauni la waridi.

Nilipotaka kwenda nyumbani, mlango wa koridoni ulikuwa wa kubonyeza namba. Nikamweleza mhudumu kwamba mimi si mkazi, mimi ni mkaguzi. Akasema sawa, babu. Akasema kitanda cha pili yuko mkaguzi wa reli, na koridoni kuna waziri. Meneja yuko semina mpaka Jumapili. Kitanda cha tatu ni cha refa. Alinitazama mimi na yale maua, akatoa kadi nyekundu.

Simu yangu imezima. Mhudumu akampigia mke wangu mbele yangu, sauti ikiwa juu. Akamwambia mzee wako yuko hapa, anasema yeye ni mkaguzi na anataka kutoka. Nikamsikia mke wangu anacheka. Nikamsikia shemeji anaanguka kutoka kitini kwa kicheko. Kisha ikaja sauti ya mama mkwe, pole pole, kama anayeagiza chumvi.

"Mwacheni akague."

Ijumaa, tarehe 8

Nimegoma kula. Hakuna aliyegundua. Refa alikula uji wangu.

Wametupanga koridoni, mimi kati ya waziri na mkaguzi wa reli. Ukuta una ufa unaoanzia kwenye swichi na kuishia mlangoni. Naufahamu sasa. Nilimweleza mkaguzi wa reli makosa yote ya ukaguzi wake, akanieleza ya kwangu. Ni mtu mbishi, haambiliki. Waziri alituahidi barabara.

Jioni tumecheza drafti na refa. Nilisogeza kete moja alipopiga chafya. Akaona. Anasema filimbi yake sitaigusa mpaka mwisho wa msimu. Nani anataka filimbi yake?

Jumamosi, tarehe 9

Nilihitaji filimbi yake.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Vyuma vimepandishwa, na mimi nataka kwenda chooni. Nikabonyeza kengele. Nikabonyeza tena. Nikaita. Nikaita kwa cheo, nikaita kwa kubembeleza. Nikamwomba refa apulize. Akasema kwanza nikiri kwamba kengele ni mapambo. Nikakataa, nina msimamo. Baadaye nikakiri. Akapuliza mpaka akakohoa. Hakuja mtu. Refa akaacha utani, akashuka kitandani kwake akavuta vyuma vyangu kwa nguvu zake zote, havikushuka. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyegeuka pembeni kwanza, kwa heshima.

Basi ikatokea. Naandika hivyo tu. Ikatokea.

Nililia. Sikujua kama nitalia. Niliona aibu mpaka nikatamani ule ufa wa koridoni unimeze.

Mhudumu alikuja akihema, jasho linamtiririka. Hakunigombeza. Akanisafisha na kunibadilisha huku akiniomba radhi. Alisema leo yuko peke yake juu na chini. Mwenzake amepelekwa bustanini kumwagilia, maana kesho ni siku ya wageni na maua lazima yapendeze.

Nikakumbuka ripoti yangu. Bustani niliipa alama zote.

Jumapili, tarehe 10

Wamekuja! Mke wangu, shemeji, na mama mkwe amejifunga kitambaa chake kizuri cha kichwani. Koridoni hakuna hata kiti kimoja. Wazee wengi wametolewa nje kwenye maua, wamechanwa nywele. Sisi tuliobaki vitandani tumewekewa shuka mpya.

Meneja alikuwa mbele, ndiye yule yule na tai yake, anawaelezea kwamba Makao ni familia moja. Akafika kwangu, akanipapasa kichwa, akasema mzee huyu ameshajisikia nyumbani. Hakunitambua. Siku ile mikono miwili!

Mama mkwe hakutazama dirishani. Aliinama akanusa mto wangu. Akakaa kitandani, akabonyeza kengele, akaweka mikono mapajani akasubiri. Meneja akaanza kuongea. Mama mkwe akamwomba anyamaze ili asikie anayekuja. Tukasubiri sote. Hata refa alivua miwani. Shemeji akapiga magoti, akafuata waya kutoka kitandani mpaka nyuma ya kabati, akauvuta. Mwisho wake ulikuwa umefungwa fundo. Hauendi popote.

Mhudumu alipopita na ndoo, mama mkwe akamuuliza kwa upole mimi naitwa nani. Yule mama akasita. Akasema, "Babu wa kitanda cha nne." Halafu akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Mama mkwe akamshika bega, akasema kosa si lake. Akamgeukia meneja.

"Mvalisheni suruali," akasema. "Hapa simwachi hata huyu."

Sikutegemea. Wiki nzima nilikuwa namtoa nyumbani kwa hila, na yeye ndiye amenitoa huku. Kwenye gari nilimshika mkono nikalia tena. Nikamwambia mama, nimekosa, chumba ni chako. Akasema anajua ni chake. Shemeji aliendesha kimya njia nzima, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Refa alitupungia kutoka dirishani. Alipuliza filimbi ya mwisho wa mchezo.

Jumatatu, tarehe 11

Nimelala usingizi mzito. Kitanda hakina vyuma. Nimekunywa chai ya moto, nikaungua ulimi, nikashukuru. Nimemenya vitunguu bila kuambiwa. Nimekuwa mtu mpya kabisa.

Mchana nilipita mbele ya chumba cha mama mkwe, mlango uko wazi. Dirisha lile lina mwanga mzuri sana. Meza ingekaa pale pale.

Nimefikiri. Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo ni la lugha. Nilisema "mzee". Neno bovu, kila mtu linamkaa. Ningesema "bibi", yasingenikuta haya yote. Na Makao yale ni mabaya, nakubali. Ila kuna mengine ng'ambo ya mji, yamefunguliwa juzi. Nimepiga simu. Kengele zao zinafanya kazi, nimesikia moja ikilia na mtu akiitikia. Alhamisi nakwenda kukagua. Nitatamka wazi: nimekuja kumwekea nafasi BIBI. Tuone watakavyochanganya.

Ajabu ni mama mkwe. Alinisikia nikiongea na simu, nikajua leo yamenikuta. Wala! Aliuliza kama kengele inalia kweli. Nikasema inalia. Akasema basi hapo panafaa, na begi atalipanga mwenyewe ili nisisumbuke. Ndivyo mtu anavyokuwa mwelewa ukimweleza jambo vizuri.

Limeshapakiwa, liko mlangoni. Nimelichungulia. Masikini, amechanganya: ameweka pajama zangu, mswaki wangu na miwani yangu ya kusomea, na cha kwake hakimo hata kimoja.

Uzee huo. Ndiyo maana nasema mtu kama yule anahitaji uangalizi.