Unga wa Kulinda Chuma

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu karudi kutoka kazini na kopo la grisi na kifuko cha unga. Kazi yake kuchanganya grisi za silikoni. Anasema silikoni haikauki kwa joto wala haigandi kwa baridi, ila chuma kikisuguana na chuma, haikilindi. Kinalika. Ndiyo maana anatia unga huo wa kulinda chuma, kiasi kidogo. Alhamisi mkuu wa maabara atapaka grisi yake kwenye gololi na kuisugua juu ya bamba. Gololi ikitoka na kovu kubwa, mjukuu hana kazi.
Kidogo! Tangu lini dawa ikatiwa kidogo? Mkono wa birika, kama marehemu babu yake!

Jumanne, 5 Machi
Mjukuu alipoingia kuoga nikamwaga kifuko kizima koponi. Nikakoroga kwa mwiko. Wifi yangu akanikuta. Akasema kiherehere changu kitamponza mtoto. Nikamwambia anyamaze, yeye na cherehani yake inayolia kama mbuzi aliyefungwa. Nikaipaka cherehani ile grisi, aone. Ikaacha kulia! Nimemcheka mpaka jioni.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Asubuhi mjukuu kafungua kopo, kanikodolea macho, kalitia mkobani, kaondoka. Mchana cherehani ikakwama. Fundi kaifungua: vyuma vimechubuka. Akauliza nani katia mchanga. Wifi kaenda jikoni, kaniletea ule mwiko. Bora angenitukana.
Mtoto nimemlea tangu ananyonya, leo mimi ndiye wa kumfukuzisha kazi!
Aliporudi nikamweleza yote, machozi yananitoka. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe grisi ya mtihani imefungiwa maabara! Hii ilikuwa ya bawaba za mlango. Tena unga ukizidi unashikana mabonge, unakwaruza chuma badala ya kukilinda. Kesho ataipima na yangu, mkuu aone tofauti.
Ee Mungu, nimepumua!

Alhamisi, 7 Machi
Kapita! Kovu lake dogo kama jicho la sisimizi. La grisi yangu, anasema, mtaro. Mkuu kauliza nani kachanganya ile, kajibu: bibi yangu. Nimemkumbatia mpaka kalalamikia mbavu. Wifi nimempa cherehani yangu. Ashonee hiyo, asininunie.
Ila nimewaza. Yake ingeonekana nzuri vipi bila yangu mbaya kando? Basi mimi ndiye niliyempitisha. Na kasoro imebaki moja tu: grisi yake haina harufu. Nimeshatwanga karafuu.
Nyingi.