Hotuba ya Kuzindua Mpango wa Kumpokea Mtumishi Mpya

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetuma udhuru, mwakilishi wake, uliye njiani, wakuu wa idara, makaimu wao na wasaidizi wa makaimu, madereva wa magari ya wagonjwa mliosimama huko juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Leo, katika muktadha mpana wa mageuzi ya kimkakati ya menejimenti ya rasilimali watu, ninayo fahari kutamka kwamba asilimia mia moja ya watumishi tuliowaajiri mwaka huu wamefaulu, na mtumishi mwenyewe ni yule binti pale nyuma, mpokea simu za dharura. Simama, mwanangu, wakuone. (Anasimama. Minong'ono.)

Binti huyu aliripoti kazini akakuta simu mezani na hakuna wa kumwelekeza, kwa kuwa menejimenti yote, nikiwemo mimi, tulikuwa hotelini kwenye semina elekezi ya namna bora ya kuwapokea watumishi wapya. (Kicheko. Msemaji anasubiri kiishe.) Mara simu ikalia, mwanamume akasema, "Dada, mke wangu ameshikwa na uchungu na hapa sina usafiri." Binti hakujua namba ya dereva wala kitufe cha redio ya kumwitia. Je, alikaa akalia? Nimearifiwa kwamba alilia kidogo, lakini huku anakimbia uani, akagonga kioo cha gari mpaka dereva akazinduka usingizini.

"Wewe nani?"

"Mgeni hapa. Washa gari, nitakwambia njiani."

Mtoto alizaliwa kwenye geti la hospitali, mzima, na mama yake mzima. (Makofi, safari hii kutoka nyuma.) Huo, ndugu zangu, ndio mfumo niliousimika mimi.

(Binti ananyoosha mkono.) Ndiyo, mwanangu. Anauliza kitabu cha mwongozo atakipata wapi, maana mpaka leo kile kitufe anakibahatisha, na anaogopa siku dereva atakapokuwa mbali. Swali zuri sana. Litafanyiwa kazi katika ngazi husika. Keti. (Haketi.)

Sasa tuitikiane. Nikisema "Mtumishi mpya", semeni "Tumempokea". Mtumishi mpya. (Madereva wanatazamana.) Nasema, mtumishi mpya. (Safu ya mbele: "Tumempokea.")

Nawashukuruni nyote, na namshukuru kipekee binti yetu, ambaye kwa kufaulu bila mkufunzi, bila mwongozo na bila chumba cha mafunzo, ametuthibitishia kwamba mpango tunaouzindua leo hauna haja ya kuanzishwa.