Ukoo Wako Umlipe Ifrah Ngamia Wake

Siyad Dagane,
Waberi, Garissa.

Kwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Mifuko ya Nailoni,
Ng'ambo.

Bwana Mkurugenzi,

Assalamu aleikum. Kama salamu hiyo haitumiki kwenu, basi natumaini hujambo na mashine zako hazijambo. Mimi ni mfugaji, na nina duka dogo la sukari na unga hapa mtaani. Jina lako silijui, maana maandishi ya mfuko wako yamemshinda hata mwalimu Yahye, ambaye hudai anasoma kila kitu. Usidhani nimekudharau.

Nakuandikia kuhusu kifo cha ngamia. Alikuwa jike wa maziwa, mali ya binti yangu Ifrah. Huku kwetu mtoto akizaliwa hupewa mnyama wake, wakue pamoja. Wiki iliyopita ngamia huyo alivimba tumbo, akakataa maji, akafa. Tulipompasua tulikuta furushi la mifuko ya buluu kutoka kiwanda chako. Ifrah hajala vizuri tangu siku hiyo, nami nimemwapia kwamba aliyemuua atapatikana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu mtu akiua ngamia wa mwenzake, hatumwandami yeye peke yake. Ukoo wake wote huchanga na kulipa. Tafadhali nitajie ukoo wako, wazee wako ni nani, na wataketi kikao lini. Mzee Jelle, msemaji wetu, yuko tayari hata kesho. Anauliza tu kama mnakunywa chai ya maziwa.

2. Mifuko hii serikali yetu ilishaipiga marufuku. Nyinyi mnaendelea kuitengeneza kana kwamba hamna redio. Inaingia kwa njia za panya mpakani, upande wa Hulugho, na kufika popote inapotaka, wakati mimi, mzaliwa wa hapa, nikienda Nairobi nasimamishwa kila kizuizi nitoe kitambulisho. Mfuko wako una uraia kunishinda.

3. Migunga yetu sasa imechanua nailoni mwaka mzima. Juzi mgeni wa shirika fulani aliipiga picha na kuyasifu maua. Niliona haya kumsahihisha.

4. Kwetu kuwazuilia watu kisima ni kosa kubwa. Nasikia moshi wa viwanda ndio unaotuvurugia mvua: mwaka mmoja inatukimbia, mwaka mwingine inakuja yote kwa mpigo na kubeba nyumba. Mvua ni kisima chetu cha juu. Iongeze kwenye diya, yaani fidia ambayo ukoo wako utalipa.

5. Tena kutoka huko kwenu wanakuja watu wa semina, wanatufundisha kwamba ngamia wetu wakicheua wanaharibu hewa ya dunia. Haya, marehemu ameacha kucheua. Je, kiwanda chako kimezimwa?

Sitaki semina, wala fulana yenye nembo. Nataka ngamia jike, na mtu mmoja wa ukoo wako aje amtazame Ifrah usoni amwombe radhi. Naandika kwa mzaha kidogo, bwana, lakini nina uchungu. Mtoto anaamka alfajiri, anachukua chombo cha kukamulia, kisha anakumbuka na kurudi kulala.

Wasalimie wafanyakazi wako, jamaa zako, na yule anayechagua rangi ya buluu. Mke wangu Nimo anakusalimia pia, ingawa si kwa maneno ya kuandikika.

Wako anayesubiri kikao,
Siyad Dagane

N.B. Ifrah ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakucheka. Aliuliza tu ni duka gani hapa Waberi linalofungia sukari kwa mifuko ya buluu. Ni langu. Amekwenda moja kwa moja kwa Mzee Jelle kushtaki, na mzee ameipokea kesi. Kikao ni Alhamisi, mshtakiwa ni mimi. Taabu ni kwamba ukoo wangu ndio ukoo wa Ifrah, kwa hiyo hakuna wa kunichangia. Nimefikiri sana. Wewe umetengeneza, mimi nimeuza, faida tumekula wote. Naona sisi wawili ni ukoo mmoja. Yote niliyoandika hapo juu yafute. Njoo, ndugu yangu, uketi upande wangu, na useme wewe kwanza, maana mimi kumtazama usoni siwezi. Chai itakuwa ya rangi. Maziwa yalikuwa ya yule ngamia.