Kipimo Kinasema Zimejaa

Jumatatu, 9 Machi

Tk. Nimeamka nayo, nimeshinda nayo. Tk, kimya, kisha tk tena: friji ya boti ikijaribu kuwaka na kukata tamaa. Kama mtu anayetaka kusema neno, akalimeza.

Ndani ya friji: nyanya mbili, maziwa, insulini ya Mama.

Betri za ndani ya boti zimekauka. Hizi ni za taa, pampu na friji. Injini ina yake, nayo ni nzima. Jana niliungurumisha injini kwa saa tatu ili zijae. Umeme wote umekwenda wapi?

Kaka alishatoa hukumu: friji ikizimika tena, Mama anahamia kwake nchi kavu na boti inauzwa. Sauti ni ya Kaka, maneno ni ya mkewe. Wifi ni nesi. Anakuja keshokutwa kukagua. Mama huko ametayarishiwa chumba chenye dirisha. Mimi nina shahada ya falsafa na kitanda juu ya tangi la maji. Boti ikiuzwa, nabaki na shahada.

Fundi wa umeme wa hapa gatini angekuja hata kwa kupigiwa mluzi. Lakini ni binamu yake Wifi. Simwiti ng'o! Mtu aliyesoma hashindwi na nyaya mbili.

Jumanne, 10 Machi

Nimeazima mita. Nimepima pale kwenye injini, kwenye altaneta inayotoa chaji. Volti kumi na nne na ushee! Nikapiga ukelele. Mama akauliza kutoka jikoni kama nimepigwa shoti. Nikamjibu kwamba chaji ipo tele, tatizo limekwisha. Akasema, kama limekwisha, mbona taa yake inamkonyeza kama mchumba?

Nikazima injini. Dakika kumi. Tk.

Faraja moja: chumba cha injini kinang'aa. Nilikipaka rangi nyeupe wiki iliyopita, kwa heshima ya Wifi. Nilifungua kila bolti, nikapaka hadi chini yake, nikairudisha. Mtu mvivu angepaka kwa kuzunguka.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya ukaguzi. Kipimo cha betri ukutani kimeamka na asilimia tisa. Nimesoma kijitabu chake. Ukibonyeza kitufe sekunde tatu, unakiambia betri zimejaa, nacho kinakubali. Hakibishi! Laiti ndugu wa mtu wangeumbwa hivyo. Nimebonyeza. Asilimia mia moja.

Kisha nimenunua barafu kwa wauza samaki, nikaijaza ndani ya friji, nikazika chupa za insulini katikati, nikanyunyiza chumvi. Chumvi huzidisha baridi. Kidato cha pili.

Wifi alifika saa nne, barafu nimeshaifunika kwa kitambaa, vifuniko vya chupa vikichungulia. Akasoma kipimo. Akagusa chupa, akarudisha kidole haraka: baridi kweli. Akasema amekuja na begi tupu la nguo za Mama, sasa atie nini ndani yake? Mama akamwambia atie ulimi wake. Tulicheka wote watatu. Wakati wa kuondoka akanishika bega, akasema, wifi yangu, wiki nzima sikulala vizuri kwa kumuwaza Mama. Nilimpenda kwa muda wa nusu dakika.

Alhamisi, 12 Machi

Insulini ilikuwa na vipande vinavyometa, kama vioo. Nikaishika kiganjani mpaka ikayeyuka. Mama akajichoma kama kawaida.

Barafu imekwisha, friji bado kimya. Kipimo: tisini na mbili. Nimekaa mbele yake nikifikiri. Betri zenye asilimia tisini na mbili haziwezi kushindwa na friji. Kwa hiyo mbovu ni friji! Nimeifungua yote. Skrubu kumi na tisa. Jioni zimerudi kumi na moja.

Mama ameomba maji mara nyingi. Joto, nadhani.

Ijumaa, 13 Machi

Tangu alfajiri amemaliza majagi matatu. Saa moja aliniita kwa jina la marehemu dada yake. Kimashine cha sukari hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba ni juu kupita kiasi. Nikamchoma dozi nyingine. Kutoka chupa ile ile.

Nilimpigia Wifi saa tano. Kuanzia saa moja hadi saa tano nilikuwa natafuta skrubu nane. Naliandika hilo hapa, sitaliandika tena.

Jumamosi, 14 Machi

Yuko hai. Dripu mkono wa kushoto, macho yamezama. Daktari amesema tungechelewa saa mbili zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine.

Wifi aliinua chupa kwenye mwanga, akaniuliza niliihifadhi vipi. Nikamwambia. Barafu, chumvi, kila kitu. Insulini ikiganda imekufa, alisema. Insulini si samaki. Kisha akaenda kumbadilishia Mama shuka. Ningeshukuru kama angenizaba kofi.

Alasiri fundi akaja botini, ametumwa na Wifi. Akaniuliza nilikuwa napima wapi. Nikamwonyesha. Dada, akasema, umepima maji kisimani, mtungi wako mkavu. Yeye akawasha injini, akapima kwenye betri zenyewe: hakuna kinachofika. Akafungua bolti ya waya mweusi, akaikwangua kwa kisu. Yakadondoka magamba meupe. Umeme haupiti kwenye rangi. Akasema ameona kutu za miaka ishirini, ila haijatokea kutu iliyofanya kazi kwa bidii kama mimi. Akakaza. Friji ikavuma. Kazi ya dakika tano!

Kabla ya kushuka aliacha kucheka. Betri mbili zimeumia kwa kukaa tupu siku zote hizi. Zitachaji, zitadanganya siku moja, zitaanguka. Nisizitegemee kwa dawa ya mgonjwa mpaka zibadilishwe.

Jumatatu, 16 Machi

Jana Kaka aliamua. Mama anatoka hospitali leo, atamfuata kwa gari saa nane. Mnunuzi anakuja kuiona boti Jumatano. Hakuna aliyeniuliza mimi nakwenda wapi.

Nimefikiri kwa makini. Makosa yalikuwa mawili: rangi na chumvi. Yote nimeyajua. Mtu aliyelijua kosa lake ndiye salama kuliko mtu ambaye hajakosea bado. Hiyo ni mantiki, wala si kiburi. Na kuhusu betri: fundi ni binamu yake Wifi. Ulitegemea aseme nini?

Saa tatu asubuhi nilikuwa wodini. Wifi alikuwa zamu upande wa wazazi. Nilijitambulisha kuwa mimi ndiye binti, nikatia sahihi, nikakabidhiwa Mama na chupa mbili mpya za insulini. Chupa ziko kwenye friji. Inavuma vizuri kabisa.

Saa nne nilifungua kamba. Sasa tumeshapita kona ya pili ya mto, gati haionekani. Mama amelala. Anadhani nampeleka kwa Kaka kwa njia ya maji, apunge upepo. Nitamweleza akiamka.

Wifi amepiga simu mara saba. Nimeizima, kuokoa chaji.