Choo cha Mama kwa Nusu Bei

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Mama amenichagua mimi. Tangu aanguke, goti halikunjiki, na kuishi peke yake hawezi tena. Dada yangu alishamwandalia chumba chenye pazia jipya, akajipa uhakika. Mama akasema anakuja kwa mzaliwa wake wa kwanza. Nikampigia dada simu kumpa pole. Akanikatia.

Tatizo ni moja. Choo changu ni cha kuchuchumaa. Mama anahitaji cha kukaa, na bomba la kujishikia ukutani. Fundi wa kwanza amekuja leo. Macho yake yalipita kwenye televisheni, yakatua kwenye makochi, ndipo yakafika chooni. Laki nane! Hiyo ni bei ya makochi, si ya choo.

Jumanne, 4 Juni

Akili ni mali. Televisheni, makochi na zulia nimevihamishia kwa jirani kinyozi. Pazia nimelitoa. Nimevaa shati nililovaa nikipaka ukuta rangi mwaka juzi. Nilijitazama kwenye kioo nikajihurumia kwelikweli.

Shemeji, mume wa dada, amenipa namba ya fundi mwingine, mtu wake wa siku nyingi. Nimemshukuru. Shemeji hana ubaya, ila alikooa.

Jumatano, 5 Juni

Fundi wa pili ni mpole, maneno machache. Alitafuta pa kukaa, akakosa, akageuza ndoo. Akauliza nyumbani niko na nani. Nikashusha pumzi. Akauliza kazi zinaendaje. Nikamwambia tunamshukuru Mungu, kwa sauti ya mtu asiye na la kushukuru.

Laki nne, vifaa na ufundi! Nusu! Nilitaka kuruka, nikakumbuka kwamba nina njaa.

Alipoondoka aliacha mkate wake wa mchana dirishani, akadai ameshiba. Nimeula wote. Mtamu.

Alhamisi, 6 Juni

Sakafu imevunjwa. Chini yake bomba la majitaka limeoza. Fundi alinieleza polepole, kama daktari, kwamba hilo halikuwemo kwenye makubaliano kwa sababu hakuna aliyeliona, akanitajia bei ya jipya. Nikajua tu: amekula njama na mwenye duka la vifaa hapo kona, alikonielekeza!

Bomba nikalifuata mwenyewe mjini, bei nafuu. Pikipiki zikakataa kulibeba. Nikakodi mkokoteni. Kufika, bomba jembamba, haliingii. Kulirudisha, mwenye duka akanionyesha kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Jioni nimenunua la duka la kona, kwa bei ileile aliyoitaja fundi. Naye akalipokea, akaanza kulifunga. Afadhali angecheka.

Lile jembamba liko uani. Huenda likafaa kuanikia nguo.

Ijumaa, 7 Juni

Mama amepiga simu asubuhi. Aliuliza nimekula nini. Kisha akauliza kama nimekula kweli. Nikaanza kuogopa.

Kumbe fundi alimwambia shemeji, kwa huruma zake, kwamba nimefilisika, nyumba tupu, na mkate niliumeza bila kutafuna (alinichungulia!). Shemeji akamwambia dada. Dada akamwambia mama, tena huku analia. Dada yangu, kulia kwa ajili yangu!

Mama kesho anakwenda kwa dada. Hataki kuniongezea mzigo. Na cherehani yake ameiuza, ile aliyotusomeshea sote wawili. Pesa ameshanitumia kwenye simu. "Nunua godoro, baba," akasema, "na dada yako asijue."

Ningemjibu nini? Kwamba godoro ninalo, makochi yako kwa kinyozi, na umaskini wote nilijitungia ili nipunguziwe bei ya choo chake yeye? Nikasema asante, mama. Aibu niliyoiona leo sijawahi kuiona. Sikuweza kula, safari hii kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Choo kimekwisha. Cheupe, kinang'aa. Bomba la ukutani ni imara, fundi alining'inia mwenyewe kulijaribu. Pesa ya ufundi iliyobaki amekataa kuipokea. Anasema huo ni mchango wake kwa mama. Nikamtia noti mkononi, akanirudishia mfukoni, akaniambia nipumzike, ndugu yangu, dunia ni kupanda na kushuka.

Alipotoka nilifunga mlango, nikakaa juu ya choo, nikalishika lile bomba, nikalia kama mtoto. Mama usiku wa leo analala kwenye pazia jipya la dada.

Kinyozi amerudisha vitu. Makochi yamejaa nywele za watu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamua. Kesho naenda kwa dada, napiga magoti mbele ya mama, namweleza kila kitu. Dada acheke anavyotaka. Kisha narudi na mama wangu, tukipitia kwa aliyenunua cherehani tuikomboe. Uongo basi! Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu nimeimaliza.

Mchana nikaenda kwa dereva wa pikapu, maana kuna mama, sanduku lake, kitanda na hiyo cherehani. Lo, bei aliyoitaja! Nikamwomba apunguze, akagoma, akaanza kufuta kioo chake. Nikainamisha kichwa. Nikamwambia nafuata vyombo vya marehemu mama yangu. Maneno yalitoka yenyewe.

Akavua kofia. Akanishika bega, akasema na yeye wa kwake amemzika mwaka huu, na hajazoea bado. Bei ameishusha hadi pesa ya mafuta tu. Tena atakuja na watu wawili wa kubeba, bure, kwa heshima ya marehemu.

Mtu mwema sana. Tunaondoka asubuhi. Mama nitamwomba, kwa safari hii moja tu, awe shangazi.