Kaa wa Mikoko na Mtani Wangu

Jumatatu, 5 Februari

Mvua. Suva, mji mkuu wetu hapa Fiji, kama kawaida yake. Nimevaa sulu ya kijivu, sketi yetu rasmi ya wanaume, na viatu vya kanisani, nikaenda kufundishwa kufundisha. Mimi Waisale! Mtu aliyeandika nusu nzima ya tasnifu kuhusu kaa wa mikoko! Lakini chuo kimeamua: mwanafunzi wa uzamivu hapewi darasa la mwaka wa kwanza mpaka apitie mafunzo na afaulu somo la majaribio. Langu ni Ijumaa. Ukishindwa, unarudi maabara kuosha chupa muhula mzima.

Chupa sirudii. Mama ameshatangaza kanisani kijijini kwamba mwanawe ni mwalimu wa chuo kikuu. Mjomba Maikeli ametenga nguruwe wa kuchinja Jumapili. Nitawaambia nini?

Mkufunzi wetu ni Dk. Madhuri Lal, mama mfupi, mpole, haongei sana. Kasema ukitoka darasani wewe umechoka na wanafunzi hawajachoka, ujue umewafanyia kazi yao. Sikuelewa, ila nikaandika kwa herufi kubwa ili aone naandika.

Balaa moja tu: Etonia yumo. Mtani wangu! Kijiji chao na chetu ni watani tangu enzi za mizimu, kwa hiyo ananitukana apendavyo, anachukua changu chochote, na mimi marufuku kukasirika. Nikinuna tu, natozwa faini ya yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, na kijiji chao chote kinakuja kuinywa. Leo kanisalimu mbele za watu, "Ee, mla makombo yetu, nani kakufungulia mlango?" Nikamwambia nimefuata harufu ya miguu yake. Watu wakacheka. Akaondoka na mwavuli wangu.

Jumanne, 6 Februari

Siri ya ualimu nimeigundua. Maandalizi! Nimeandika somo zima la Ijumaa, neno kwa neno, hata mahali pa kukohoa na mahali pa kutabasamu.

Nikampelekea Dk. Lal. Akaniuliza wanafunzi watakuwa wanafanya nini wakati mimi nasoma yote hayo. Nikamjibu watasikiliza. Akauliza, na baada ya hapo? Nikamwambia wataendelea kusikiliza. Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Nadhani aliguswa.

Jumatano, 7 Februari

Tatizo jipya: maswali. Dk. Lal anataka wanafunzi waulize. Sasa hapa kwetu nani anamuuliza mkubwa swali hadharani? Si ni kumwambia hujaeleweka! Kwenye majaribio wenzetu ndio wanaojifanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nao watakaa kimya kwa adabu, na mimi nitakatwa alama kwa adabu yao.

Nikapata mpango. Nimewanunulia wote roti, zile chapati za kukunjia viazi, na ndani ya kila karatasi ya roti nimechomeka swali la kuniuliza, majibu ninayo. Akili hiyo! Nimefika ukumbini, Etonia huyo. Akachungulia mfuko, akauliza kwa sauti eti watu wa kijiji chetu wameanza lini kuleta kodi kwa mabwana zao. Akaketi, akala roti zote. Zote! Maswali akayatia mfukoni.

Nikacheka kwa meno tu. Mereoni wa kemia akaniomba niache, tabasamu hilo linamtisha.

Alhamisi, 8 Februari

Maandishi ya somo nimeyaficha kwenye friji ya maabara, chini ya sampuli za kaa waliooza kidogo. Hakuna mwenye pua atakayesogea hapo. Nimelala raha mustarehe.

Ijumaa, 9 Februari

Friji tupu!

Nimeingia darasani, Etonia kakaa mstari wa mbele, anajipepea kwa maandishi yangu. Siwezi kuyadai. Kudai ni kununa. Dk. Lal yuko nyuma na kalamu yake. Jasho likanishuka hadi kwenye soksi. Nikafungua mdomo, kichwani hamna hata kaa mmoja. Kikatoka kitu cha kijinga kabisa. Niliuliza nani hapa amewahi kukamata kaa.

Mereoni akasema bibi yake humjua jike kwa kumtazama tumbo. Nikasema, "Enhe?" Mwingine akabisha. Etonia akasimama, akatangaza kwamba kwao kaa hawakimbii, hawana haja, wanaowafukuza ni watu wa kijiji chetu. Nikamjibu kwao hawakamati kaa kabisa, wakimwona wanamwamkia shikamoo. Darasa likalipuka! Ndipo Mereoni akauliza kwa nini basi kaa hukimbia upande. Sikukumbuka ukurasa gani. Nikamwuliza yeye anaonaje. Wakagombea chaki. Wakachora miguu, viungo, mashimo kwenye mizizi ya mikoko. Etonia mwenyewe akatambaa sakafuni upande upande kuthibitisha. Mimi nilibaki na "Enhe?" na "Kwa nini?" tu, basi. Muda ukaisha bado wanabishana.

Nikajua ni chupa. Nikamfikiria Mama, nikatamani kulia.

Dk. Lal akasimama, akasema hilo ndilo somo bora kuliko yote aliyoona wiki hii. Nimesema machache kuliko wote, na kila niliposema niliuliza. Darasa la mwaka wa kwanza, kuanzia Jumanne, ni langu! Nilifurahi hadi nikamkumbatia Etonia. Akanirudishia maandishi, akasema, "Mtani, nimekuokoa. Nimesoma ukurasa wa kwanza, nikasinzia nimesimama." Wivu huo!

Jumapili, 11 Februari

Nguruwe alikuwa mtamu. Mama alinishika mkono ibada nzima. Mjomba Maikeli akatoa hotuba, akaniita profesa, sikumsahihisha.

Jioni, nimesharudi mjini, Mereoni amenifuata bwenini. Somo lake la majaribio ni kesho, anaogopa, anataka kujua niliwezaje kulifanya darasa zima liongee. Nikamweleza bila choyo: andika kila neno, soma polepole, na usimpe mtu nafasi ya kukukatiza. Akaniangalia sana. Akaniuliza kama ile Ijumaa na mimi nilikuwemo darasani. Nikamwambia nilikuwemo, na kwamba ningekuwa na maandishi yangu mkononi ningefanya vizuri zaidi.

Akashukuru, akaenda kumtafuta Etonia.

Maskini Mereoni. Kuna watu hawafundishiki.