Habari za Fundi Cherehani Aliyejishonea Ndani ya Kasri la Mianzi

Sogeeni, enyi mnaopika na enyi mnaosubiri kupikiwa, nanyi mlioegemea milango ya maduka mkijifanya mna kazi. Zimeni redio, mnyamazisheni mbwa, maana nataka kusimulia jambo kubwa na mimi sipendi kurudia. Nasimulia habari za Fundi Cherehani, Simba wa Sindano, Bwana wa Mapindo, mpimaji wa viuno vya wakubwa kwa wadogo: jinsi alivyosimamisha kasri la mianzi nyuma ya nyumba yake, na jinsi kasri lile lilivyommeza. Anayetaka kucheka asubiri kwanza, kuna mambo mazito humu.

Zito lenyewe ni nyanya. Mke wa Fundi alilima kiwanja kidogo, na misimu miwili mfululizo mvua ilimshukia, ukungu ukaifuata, nyanya zikaoza kabla hazijaiva. Sasa alibakiwa na miche ya mbegu zake za mwisho, imepangwa kwenye makopo ya maziwa chini ya dirisha, naye alikuwa ameshasema, bila kulia wala kupaza sauti, kwamba hii ikifa analikodisha shamba, anakwenda kwa dada yake kuuza vocha za simu. Fundi aliyasikia maneno yale akiwa anatunga uzi kwenye sindano, akaichomeka sindano kolani, akasimama.

Hapo ndipo alipoapa. "Mke wangu," alisema, akipanda juu ya kigoda ili kiapo kipate kimo, "nimewavisha maharusi, nimewavisha mahakimu, nimewavisha mapacha wasiolingana mabega. Sasa nitalivisha shamba. Mvua itapiga hodi na haitakaribishwa."

"Shuka basi, hicho kigoda kina mguu mbovu," mkewe akamjibu.

Wakati ule walikuwapo wenye uwezo waliojengewa mabanda ya kuoteshea mboga kwa mabomba ya chuma, na kwa Fundi bomba moja tu lingekuwa msiba. Lakini mianzi ilijiotea bondeni bila kumwomba mtu ruhusa. Fundi akaazima panga kwa jirani yake Seremala, akaishukia ile mianzi kwa ghadhabu ya majeshi, akaiangusha, akailaza kijitoni mpaka utamu wake ukaitoka, ili fukusi wakija wasione cha kula. Kisha akaipinda matao na kuifunga kwa vipande vya mipira ya matairi chakavu. Saruji hakuna, msumari hakuna. Seremala alipokuja kudai panga lake, akayakuta matao yamesimama, akayatikisa, yakamgomea.

"Nani kakufundisha hii kazi?" akauliza.

"Koti," akasema Fundi. "Mbavu ni mbavu."

Ikafika siku ya kuyavika matao karatasi ya nailoni angavu. Mawingu yalikuwa yamejaa, meusi, hayana masihara. Sasa tulieni mnisikilize, maana hapa ndipo penye kosa, na ni kosa la fundi wa kweli, mbabaishaji hangeliweza. Fundi wa nguo hushona upande wa ndani ili mshono usionekane nje, na vazi likiisha huligeuza. Basi shujaa wetu akaingia ndani, akashona ubavu, akashona bega, akafunga kwapa, huku mkewe nje akilifukia pindo kwa udongo, mpaka mshono wa mwisho ukakutana na wa kwanza. Uzi nao ukaishia hapo hapo. Akaukata kwa meno, akarudi nyuma aitazame kazi yake. Akaitazama sana.

"Baba watoto," mkewe akaita kutoka nje, "mlango uko wapi?"

"Ingekuwa shati," akasema Fundi polepole, "ningeligeuza."

Mama mkwe akatoka na kiti chake, akakaa mahali pazuri pa kuonea. "Nilikwambia uolewe na dereva," akamwambia binti yake. "Dereva angalau mlango anaujua."

Seremala akaja mbio na panga. "Nichane kidogo tu, utoke."

Fundi akatandaza mikono mbele ya nailoni, jasho likimchuruzika, maana humo ndani palikuwa na joto la sufuria iliyofunikwa. "Ewe jirani, rudisha upanga alani! Uzi umekwisha. Ukichana hapa, upepo utaanzia hapa hapa na kuimaliza yote. Miche itakufa mimi nikiwa huru. Uhuru gani huo?"

Mkewe akatazama mbingu, akatazama makopo, akamtazama mumewe. "Basi panda wewe."

"Mimi?"

"Wewe uko ndani. Mvua inakuja. Unamjua mwingine?"

Jueni kwamba vidole vile havikuwahi kugusa tope. Vilipakwa mafuta kila jioni kwa heshima ya hariri. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Fundi akainama. Mkewe akafukua pindo kwenye kona, chini ya mwanzi wa chini, pakapatikana upenyo wa kupitisha kopo, siyo wa kupitisha tumbo. Makopo yakaanza kuingia.

"Shimo liwe la kina gani?"

"Kidole chako. Acha kupima na futi kamba."

"Shina linasimama hivi?"

"Usilibane."

"Silibani."

"Unalibana, nakuona. Na hiyo chaki ya nini?"

"Ya mstari," akasema Fundi, na akapanda kwenye mstari, miche ikanyooka kama vifungo vya koti la hakimu.

Kopo la mwisho lilipopita, mkewe akalifukia pindo, na mvua ikashuka kwa vikosi vyake vyote. Mama mkwe akakimbia na kiti kichwani. Seremala akakimbia na panga lake. Matao yakainama, yakainuka. Mke peke yake akabaki, kalowa chapachapa, uso kaubandika kwenye nailoni.

"Imeingia?"

Fundi alikuwa anatambaa, anapapasa mshono mmoja mmoja. "Haijaingia."

"Niambie ukweli."

Akachota udongo katikati ya mistari, akauinua mbele ya macho yake, akauachia. Ukamwagika vumbi.

Mkewe akafuta maji usoni. "Msimu ujao," akasema, "tutaongeza na kasri la pilipili hoho."

Fundi, tope mpaka viwikoni, akakaa chini katikati ya miche, akalirudia neno lile kimoyomoyo: msimu ujao. Wako wafalme waliorudi kutoka vitani na dhahabu, wasirudi na neno kama hilo. Liwekeni katika historia, na mtu aende akamtoe.